Kutoka Baiskeli hadi Pikipiki: Ngazi Tuliyoiruka Kabuku

Ndugu Mhariri ameniomba niandike makala ya historia, lakini amenionya nisiandike juu ya wafalme na vita. Nimemtii. Nitaandika juu ya chombo kidogo ambacho vitabu vya historia hukipita bila kukisalimu, nacho ni baiskeli iliyotiwa injini.

Ninazo sababu mbili. Kwanza, sisi wanafunzi watano wa zamani wa shule hii tuliunda chombo cha namna hiyo hapa Kabuku, kwa mtindo wa zile za mwanzo wa karne ya 20. Wengi wenu mliokiona uwanjani siku ya mkutano wetu mliuliza maswali ambayo hayajibiki kwa kusimama. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, kazi hiyo ilinifundisha jambo juu ya historia ya sehemu zetu za Handeni na Korogwe ambalo sikulipata darasani wala Chuo Kikuu. Jambo lenyewe ni hili: vitu vyote vilivyohitajika ili watu wa hapa wapande kutoka baiskeli hadi pikipiki kwa mikono yao wenyewe vilikuwako hapa kwa miaka mingi, lakini havikukutanishwa. Tuliiruka ngazi moja, na mpaka leo tunalipa gharama ya kuiruka.

CHIMBUKO LAKE

Baiskeli ya magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, yenye cheni ya kuendesha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake Uingereza mwaka 1885, alipoitoa John Kemp Starley wa Coventry. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hati ya tairi la upepo. Kuanzia hapo baiskeli ikawa chombo cha watu wa kawaida, na penye baiskeli nyingi pakazuka mafundi wengi wa baiskeli. Mafundi hao ndio hasa wazazi wa pikipiki.

Hildebrand na Wolfmüller wa Munich, Ujerumani, walianza kuuza pikipiki mwaka 1894. Mwaka 1897 ndugu wawili, Michel na Eugène Werner, Warusi waliokaa Paris, walifunga injini ndogo juu ya gurudumu la mbele la baiskeli. Ilitembea, lakini uzito ulikuwa juu na mbele, na njia ikiwa na utelezi chombo kilimwangusha mwenyewe. Mwaka 1901 wakaishusha injini chini, katikati ya magurudumu mawili, mahali penye pedeli. Tangu siku hiyo pikipiki nyingi duniani zimefuata mpango huo. Kijana anayepita sasa hivi barabara ya Segera akiwa na abiria wawili amekalia wazo la akina Werner.

Marekani mambo yalikuwa hayo hayo. George Hendee wa Springfield alikuwa mtengenezaji wa baiskeli kabla hajaungana na Oscar Hedstrom kuunda pikipiki za Indian mwaka 1901. Mjini Milwaukee kijana mmoja, William Harley, alichora mwaka huo huo injini ndogo ya kutia katika baiskeli. Akashirikiana na rafiki yake Arthur Davidson, na karakana waliyoitumia ilikuwa ya rafiki yao mwingine. Walipoimaliza mwaka 1903 waliona kwamba haiwezi kupanda vilima bila kusaidiwa kwa miguu. Hawakukata tamaa, bali waliiweka kando na kuunda nyingine kubwa zaidi. Kampuni ya Harley-Davidson inayojulikana leo duniani kote ilianza hivyo: vijana, baiskeli, karakana ya kuazima, na kilima kilichowashinda.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Japani, kwa maana Japani ya mwaka 1946 ilikuwa nchi maskini iliyoshindwa vita. Miji ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu, treni zilijaa kupita kiasi na petroli iligawiwa kwa kipimo. Katika mji wa Hamamatsu fundi mmoja, Soichiro Honda, mtoto wa mhunzi aliyekuwa akitengeneza baiskeli pia, aliona injini ndogo iliyokuwa imeundwa kuendesha jenereta ya redio za jeshi. Injini hizo zilibaki bila kazi baada ya vita. Akaifunga moja katika baiskeli, na kwa kuwa hakuwa na tangi akatumia chupa ya bati ya kutilia maji ya moto. Akazipata injini za namna hiyo zipatazo 500, akaziuza zote zikiwa zimefungwa katika baiskeli. Zilipokwisha hakusema basi. Mwaka 1947 alitoa injini yake mwenyewe, ile ya aina ya A, iliyozungusha gurudumu la nyuma kwa mkanda.

Mwaka 1952 alitoa injini nyingine ya kufunga katika baiskeli, iliyoitwa Cub F. Mshirika wake Takeo Fujisawa hakutafuta wenye maduka makubwa. Aliwaandikia barua wenye maduka ya baiskeli zaidi ya 50,000 kila pembe ya Japani, akiwaomba wawe wauzaji wake, na maelfu walimjibu. Mwaka 1958 ikatoka Super Cub, na kufikia mwaka 2017 pikipiki za jamii hiyo zilizokuwa zimetengenezwa zilifika milioni 100.

Tuzingatie jambo moja. Wajapani waliiita baiskeli ile ya mwanzo kwa sauti yake, “bata bata”. Nasi Waswahili tulikiita chombo hicho kwa sauti yake, pikipiki, na wengine wakasema tukutuku. Masikio yetu na yao yalisikia jambo moja. Tofauti ni kwamba wao waliisikia sauti ile ikitoka katika karakana ya jirani, sisi tuliisikia ikija kutoka mbali, imempakia bwana shamba au padri.

KWETU: MKONGE, KARAKANA NA BAISKELI

Mtu asiyezijua sehemu hizi anaweza kudhani kwamba tofauti hiyo ilitokana na kukosa mashine. Sivyo hata kidogo. Mkoa wa Tanga ulijaa mashine kabla ya mikoa mingi ya nchi hii.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ukaanza Tanga, na mwaka 1902 reli ikafika Korogwe. Kutoka miche ile 62 yakazaliwa mashamba yaliyofunika nchi kutoka pwani hadi chini ya milima ya Usambara, na kuja mpaka huku kwetu. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikaongoza duniani.

Mkonge si zao la jembe peke yake. Katika uzito wa jani, nyuzi ni kama sehemu 4 tu katika 100, na zilizobaki ni maji na makapi. Jani likikatwa halisubiri, hukauka na nyuzi kuharibika. Kwa hiyo kila shamba kubwa lilikuwa na kinu chake, na ndani ya kinu kulikuwa na ile mashine ambayo wafanyakazi waliiita korona, yenye ngoma za visu butu zinazopiga jani huku maji yakiosha. Korona ikisimama, shamba zima limesimama. Spea ya kutoka Ulaya ilichukua wiki nyingi baharini. Hivyo ilibidi kila kinu kiwe na karakana yenye mashine ya kereza, tanuri la mhunzi, vifaa vya kuchomelea, na watu waliojua kuunda beringi, puli na ekseli kwa mikono yao.

Miongoni mwa watu hao walikuwamo Waafrika. Wengi walikuja kama manamba, yaani watu walioandikishwa mbali na kuitwa kwa namba zao. Tangu mwaka 1944 kulikuwa na ofisi ya wenye mashamba, iliyojulikana kama SILABU, ya kuwaleta vibarua kutoka Kigoma, Mbeya, Songea na hata nje ya nchi. Mtu alipewa kipande chenye siku 30 za kazi, na hakulipwa mpaka kipande kijae. Baadhi yao waliingizwa karakanani kama wasaidizi, na mwenye macho makali akawa fundi. Hakuwa na cheti, lakini alisoma kwa kidole unene wa chuma ambao wewe na mimi tungehitaji chombo cha kupimia.

Upande wa pili kulikuwa na baiskeli. Manamba aliyejaliwa kuweka akiba alirudi kwao na blanketi, nguo, na kama Mungu alimjalia sana, baiskeli. Zilikuwa zile za chuma kizito, kama Raleigh ya Nottingham, na baadaye Phoenix ya Shanghai na Avon ya India, zenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma. Mji wa Tanga ukasifika kwa baiskeli, na unasifika mpaka leo. Baada ya Uhuru tukawa hata na kiwanda cha taifa cha baiskeli, NABICO, kule Dar es Salaam, kilichotoa baiskeli ya Swala. Na chini ya kila mwembe, hapa Kabuku, Mkata, Michungwani, Segera na Mombo, alikaa fundi baiskeli na beseni lake la maji la kutafutia tundu la tyubu.

Sasa tuhesabu. Mashine ya kereza tulikuwa nayo. Mikanda na puli tulikuwa nayo. Injini za dizeli na petroli zilikuwako. Mafundi wa chuma walikuwako, baiskeli zilikuwako, mafundi wa baiskeli walikuwako. Katika orodha hii, Honda wa mwaka 1946 alikuwa na kipi ambacho sisi hatukuwa nacho?

KIUNGO KILICHOKOSEKANA

Jibu langu ni kwamba alikuwa na ruhusa ya kuvikutanisha. Karakana ya mkonge ilikuwa na geti na mlinzi. Maarifa yaliyokuwa ndani yake yalikuwa mali ya shamba, na fundi aliyeonekana akikereza kitu chake mwenyewe alionekana mwizi wa muda na wa chuma. Fundi baiskeli chini ya mwembe hakuwahi kuiona mashine ya kereza ikizunguka, ingawa huenda ilikuwa hatua chache kutoka alipoketi. Ukoloni uligawa ardhi na watu, na pia uligawa maarifa, ukaweka ukuta katikati.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikawa mali ya umma. Lakini bei ya mkonge duniani ilikuwa imeshaanza kuanguka, kwa kuwa kamba za nailoni na plastiki ziliingia sokoni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 nchi ilikuwa ikitoa chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Vinu vikafungwa kimoja kimoja, na karakana zikanyamaza. Miaka ile ile mafuta yalipanda bei duniani, mwaka 1973 na tena 1979, hata magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili mchana, na tairi la baiskeli likawa kitu cha kutafutwa kwa barua ya mwenyekiti. Huo haukuwa wakati mzuri wa kubuni chombo cha petroli.

Haki yapasa itolewe: taifa halikulala. SIDO iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kulea viwanda vidogo, CAMARTEC ya Arusha ikashughulikia zana za kilimo, na Nyumbu kule Kibaha ikaunda lori. Lakini lori ni kitu kikubwa, na jembe la kukokotwa na ng’ombe ni kitu kingine. Katikati yake, penye baiskeli yenye injini, palibaki wazi.

Wala si kwamba watu wa Afrika Mashariki hawana ubunifu wa vyombo. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960, vijana walianza kuvusha abiria kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili wakiita “boda, boda!”, na neno hilo limeenea Afrika Mashariki. Ndugu zetu wa Goma, Kongo, huchonga chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mamia ya kilo za viazi na mkaa kutoka milimani, na mji wao umekisimamishia sanamu. Akili ilikuwako kila mahali. Iliyokosekana ni meza moja ya kuwakalisha pamoja fundi wa baiskeli, fundi wa kereza na mtu wa hesabu.

TULIVYOKIUNDA

Meza hiyo tuliitengeneza sisi watano wakati wa likizo. Mmoja ni fundi baiskeli. Mmoja hutengeneza pikipiki za bodaboda. Mmoja ni mwalimu wa hesabu. Wa nne ni mkubwa wetu kwa miaka mingi, aliyemaliza shule na kwenda kufanya kazi katika karakana ya mkonge mpaka alipostaafu, nasi humwita Mzee kwa heshima. Wa tano ni mimi, mtumishi wa serikali, ambaye kazi yangu ilikuwa kushika taa, kupiga tupa na kuandika kumbukumbu.

Fremu ilikuwa ya baiskeli kuukuu ya inchi 28. Injini ilitoka katika mashine ya kufyekea nyasi iliyokuwa imetupwa, ya sentimeta za ujazo 43. Faida ya injini hiyo ni kwamba ina klachi inayoshika yenyewe kasi ikipanda, na kuachia kasi ikishuka. Hasara yake ni kwamba huzunguka kwa kasi kubwa mno, nayo ndiyo iliyomleta mwalimu wa hesabu mezani.

Vijana, fuateni hesabu hii, maana ndiyo moyo wa chombo chenyewe. Injini hufanya kazi vizuri ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja baiskeli husogea karibu mita 2.2. Tukitaka mwendo wa kilometa 20 kwa saa, yaani mita 333 kwa dakika, gurudumu lizunguke mara 151 hivi tu. Basi mizunguko 6,000 ya injini ipunguzwe mpaka 151, kwa maana nyingine injini izunguke karibu mara 40 ndipo gurudumu lizunguke mara moja.

Tulipunguza kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ilikuwa cheni kutoka gia ya meno 10 kwenye injini hadi gia ya meno 44 ya pedeli kuukuu, iliyofungwa kwenye ekseli ya katikati; hapo tukapata mara 4.4. Hatua ya pili ilikuwa mkanda, kwa mtindo wa zamani hasa. Mzee alikereza puli ya sentimeta 6, nasi tukafunga rimu ya baiskeli ndogo, ya sentimeta 54, juu ya spoku za gurudumu la nyuma, mkanda wa mashine ya kusaga ukakaa ndani ya mfereji wa rimu hiyo. Hapo tukapata mara 9. Zidisha 4.4 kwa 9 upate 39.6.

Mahali pa kuweka injini tuliwafuata akina Werner, chini na katikati, na fundi wa pikipiki akachomelea vishikio. Fundi baiskeli aliisuka upya spoku moja moja gurudumu la nyuma, kwa sababu spoku za kawaida hazikuwekwa ili zivutwe na injini. Tangi tulilifunika kwa ganda bapa la bati kati ya vyuma vya fremu, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile, likapakwa rangi nyeusi, na mshona viatu wa stendi akashona tandiko la ngozi.

Siku ya majaribio mkanda uliteleza, maana nyasi za uwanja zilikuwa na umande na mkanda ulilowa. Vitabu vinaeleza taabu hiyo hiyo kwa pikipiki za mkanda za mwanzo: mvua ilikuwa adui yao. Mzee hakusoma vitabu hivyo. Aliutazama mkanda, akacheka, akasema kwamba ngoma ya brashi ya mkonge ilikuwa na tabia hiyo hiyo kila masika. Kesho yake alileta kipuli kidogo cha kukazia, kinachoegemea mkanda kwa springi. Tatizo likaisha. Nilipomwona akifanya hivyo ndipo nilipoelewa kile ninachokiandika leo. Dawa ya ugonjwa wa pikipiki ilikuwa ndani ya kinu cha mkonge miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Breki ziliwatia wasiwasi zaidi wenzetu kuliko injini. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa kukisimamisha chombo huongezeka mara nne, na breki za baiskeli zilipimwa kwa miguu ya mtu. Kwa hiyo kilometa 20 kwa saa ndio mwisho wetu tulioupanga, na tuliweka breki nyingine nyuma. Vilevile chombo chochote kinachoendeshwa kwa injini ni chombo cha moto mbele ya sheria, nacho huhitaji usajili, leseni na kofia ngumu. Baiskeli yetu haijawahi kukanyaga lami ya barabara kuu ya Chalinze na Segera, yenye mabasi na malori usiku na mchana, wala haitaikanyaga. Ni chombo cha uwanjani na cha kufundishia. Nasema hivi kwa mkazo ili kijana yeyote asije akafunga injini katika baiskeli ya mjomba wake na kuingia nayo barabarani kwa sababu amesoma makala yangu.

BODABODA NA HESABU YA JIONI

Atatokea msomaji aseme: haya yote ya nini, ikiwa pikipiki kamili ya China au India inauzwa dukani? Ni swali la haki. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoingiza pikipiki za abiria katika leseni za usafirishaji, bodaboda zimewapa riziki vijana wengi, na zimewafikisha wajawazito hospitali usiku ambapo gari lisingefika. Sizibezi.

Lakini tazama jinsi kijana anavyofanya kazi. Wengi hawamiliki chombo. Kila jioni hupeleka “hesabu” kwa mwenye pikipiki, na kinachozidi ndicho chake. Wengine huendesha kwa mkataba, kwamba wakilipa hesabu bila kukosa kwa muda uliopangwa pikipiki itakuwa yao, na mara nyingi inapokuwa yao imekwisha choka. Mimi ninaposikiliza habari hizo pale stendi hukumbuka kipande cha manamba chenye siku 30. Zama ni nyingine, na hakuna anayemwita kijana kwa namba. Hata hivyo jambo moja halijabadilika: mashine ni ya mwingine, na maarifa ya mashine ni ya mwingine pia. Kitu kikilia ndani ya injini, kijana hubadilisha spea nzima kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuitengeneza iliyopo. Hasara yake ni ya kila siku, nayo humtoka mfukoni.

Hapo ndipo ilipo gharama ya ngazi tuliyoiruka. Wajapani walipopanda kutoka baiskeli hadi injini ndogo, na kutoka injini ndogo hadi pikipiki, kila fundi wa mtaani alipanda pamoja nao. Sisi tulifikishwa juu kwa kubebwa. Aliyebebwa hajui njia.

OMBI LANGU

Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitaka mikono na akili visome pamoja, na shule za sekondari zikapewa michepuo, ukiwamo wa ufundi. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali. Sera ni nzuri, lakini sera haikerezi puli. Anayekereza ni mtu, na mtu huyo kwa sehemu zetu ana miaka 70 au zaidi. Mafundi wa karakana za mkonge wanapungua kila mwaka. Wengi hawakuandika chochote, maana maarifa yao yalikaa vidoleni. Akifa mmoja hatutaweza kuyasoma popote.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu mbele ya chama chetu cha wanafunzi wa zamani. Kwanza, kila mwanachama anayemjua fundi mstaafu wa kinu, karakana au reli, awe Handeni, Korogwe au Muheza, amlete shuleni walau siku moja kwa muhula akae na wanafunzi, alipwe nauli na posho yake kama mwalimu mgeni yeyote. Pili, tuchange vifaa vya mkono, yaani jiliwa, matupa, misumeno ya chuma na vipimo, tuviweke katika kabati moja chini ya mwalimu wa fizikia. Hatuhitaji kungoja jengo. Tatu, baiskeli yetu yenye injini tunaikabidhi kwa shule, si kwa kuwekwa kiooni. Tunaomba ifunguliwe na kufungwa tena na kila darasa la kidato cha tatu, mpaka nati zake zichakae, na zikichakaa wanafunzi watengeneze nyingine.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tulikuwa vidole vitano, na Mzee alikuwa gumba. Ninawaomba vijana mlioko shuleni leo msione haya kuchafua mikono, na ninawaomba wenzangu tuliokwisha kaa maofisini tusione haya kuwashikia taa.